Mwiko Wenye Seng'enge

Msomaji mwenzangu uliye na mke, watoto, shemeji na mama mzazi wote chini ya paa moja la mabati, wewe utanielewa bila maelezo mengi. Wale wanaoishi peke yao na rimoti zao wasome polepole tu. Siku yao yaja.

Sisi tuko Kwa Vonza, kando ya barabara itokayo Machakos kwenda Kitui. Nina duka la vifaa vya ujenzi: saruji, misumari, rangi, mabati, seng'enge ya miiba, minyororo ya kukatwa kwa mita. Mlango wa nyuma wa duka unafungukia ua wa nyumba yangu, na kwa mlango huo bidhaa hutoka mchana kutwa bila risiti. Ukitaka kujua watoto wangu wanacheza nini wiki hii, angalia kilichopungua rafuni.

Aliyetuletea mazombi ni shemeji yangu, kitinda mimba wa kwao, ambaye mimi humwita Profesa. Alikuwa mwanafunzi wa SEKU, chuo kikuu chetu cha hapa kilichopewa hati mwaka 2013, na tangu hapo soko letu la ndengu na mbuzi likaota vyumba vya kupanga, vinyozi na vibanda vya kunakili filamu. Profesa alikuwa na chumba chake huko chuoni, lakini tumbo lake lilikaa kwangu. Ijumaa jioni alifika na mfuko wa nguo chafu, na katikati ya nguo hizo, ndani ya soksi moja safi, diski ya filamu. Dada yake hakumuuliza masomo yanaendeleaje. Alimuuliza, "Umetuletea nini?"

Huyo dada yake ndiye mke wangu, na mimi humwita Jaji kwa kuwa hukumu yake haina rufaa. Rimoti ni yake. Akienda kuoga, huenda nayo. Ujana wake wote aliutumia kwenye zile tamthilia za Kimeksiko za jioni, ambamo msichana maskini huteswa na mama mkwe miezi kadhaa, kisha siku ya mwisho anaolewa, mwovu anafungwa, na Jumatatu inaanza nyingine. Baadaye alimfuata Maria wa Citizen TV tangu 2019 hadi hadithi ilipofungwa 2021, na siku hiyo alilia kwa furaha, akafuta macho, akaenda kukamua mbuzi. Kwa Jaji hadithi ni deni. Inakopa machozi yako leo, na ni lazima ilipe.

Hakimu wa pili ni mama yangu, ambaye nyumba nzima humwita Susu. Susu alikulia kwenye hadithi za usiku za eimu, lile zimwi la Kikamba linalomeza watu na mifugo. John Mbiti, mwana wa Kitui hii hii, alizikusanya ngano zetu na kuzichapisha mwaka 1966 kwa jina *Akamba Stories*, na maimu yamo tele. Susu hajasoma kitabu hicho na hakihitaji. Anajua kwamba eimu likishindwa, husema lenyewe: kata kidole changu kidogo. Kinakatwa, na watu wote na ng'ombe wote waliomezwa wanatoka wazima wazima, kijiji kinarudi, watoto wanakwenda kulala.

Basi Profesa akachomeka *The Walking Dead*.

Ilikuwa imeanza Marekani usiku wa 31 Oktoba 2010 kwenye kituo cha AMC, na sisi tuliifikia ikiwa tayari na misimu kadhaa, tukaimeza mfululizo. Rick Grimes, naibu sherifu, anazinduka hospitalini na kukuta maua yamekauka kando ya kitanda na hakuna daktari. Waliokufa wanatembea. Anapata farasi, anaingia naye Atlanta peke yake katikati ya barabara kuu tupu, na wafu wanamvuta farasi yule chini na kumla akiwa hai. Susu alilia. Watu kadhaa walikuwa wameshaliwa na hakutikisika, ila farasi alimlilia, akasema mnyama wa watu hakuwa na kesi na mtu. Kuanzia usiku ule alikuwa na kiti chake mbele, na hakuna aliyeruhusiwa kukatiza.

Nataka niseme wazi, maana siku hizi watu huisema vibaya tangu mwanzo: ile misimu ya kwanza ilikuwa kazi safi. Aliyeianzisha ni Frank Darabont, yule yule wa *The Shawshank Redemption*, na ukiitazama unaona mtu anayejua kuacha uso wa mhusika useme. Hata msimu wa pili, ambao Profesa aliulalamikia kwa uzito, mimi nitautetea hadi kaburini. Wanamtafuta Sophia, mtoto aliyepotea msituni. Wanatafuta, wanagombana, wanarudi shambani kwa mzee Hershel, kesho wanatafuta tena. Halafu ghala linafunguliwa, na wa mwisho kutoka humo, akipepesuka, ni Sophia. Sebuleni kwetu hakuna aliyepumua. Kyalo, mwanangu, alikuwa mdogo, akaja akanikalia mapajani bila kusema neno. Kungoja kule kote kulikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa mle ghalani tangu mwanzo. Watu wa Kitui hatuogopi kungoja. Tunangoja mvua maisha yetu yote.

Kisha akaja Michonne, na mimi nikaanza kupata hasara.

Michonne anatokea amejifunika nguo kichwani, upanga mkononi, na nyuma yake anavuta wafu wawili kwa minyororo, wamekatwa mikono na taya ili wasidhuru mtu. Mwende, binti yangu, aliduwaa. Kesho yake mita nne za mnyororo hazikuwako dukani. Nilisikia kelele barabarani, nikatoka: binti anakuja taratibu katikati ya soko, gunia la saruji lililofuliwa limefunika kichwa, mpini wa jembe begani, na nyuma yake mbuzi wawili wa Susu wamefungwa minyororo shingoni. Watu walimpisha njia. Mbuzi hawakuwa wamesoma mswada. Walipoona turubai la jirani limeanikwa ndengu, walimgeuza Michonne wangu wakamburuta hadi kwenye ndengu, na walikuwa wamekula za kutosha kabla hatujawafungua ule mnyororo, ambao alikuwa ameufunga kwa kufuli. Ufunguo ulikuwa ndani ya kiatu alichokuwa amekiacha shuleni.

Nilimlipa jirani kwa mabati mawili na kopo la rangi. Nikamtarajia Jaji atoe hukumu kali. Jaji aliuliza tu, "Alitembea vizuri?" Profesa ndiye aliyeharibu kesi, kwa sababu alikuwa ameshawaeleza kwamba Danai Gurira, mwigizaji wa Michonne, alizaliwa Marekani lakini amelelewa Harare, na kwamba tamthilia aliyoiandika mwenyewe, *Eclipsed*, ndiyo iliyompeleka Lupita Nyong'o wetu kwenye jukwaa la Broadway mwaka 2016. Tangu Jaji asikie hayo, Michonne alikuwa ndugu. Huwezi kumchapa mtoto kwa kumwiga shangazi yake.

Lakini mapenzi ya Jaji mwenyewe yalikuwa kwa Glenn. Kijana wa kupeleka piza, mwenye kofia, asiye na misuli wala makuu, ambaye ndiye aliyemwokoa Rick Atlanta kwa redio ya ndani ya kifaru, akampenda Maggie binti wa Hershel, akamwoa kwa pete aliyoikata kidoleni mwa maiti. Jaji alisema dunia ikifa kweli, mtu wa kubaki naye ni Glenn. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale. Nikamimina chai.

Oktoba 2015 ndipo walipoanza kutuchezea. Katika msimu wa sita Glenn anazingirwa, anaanguka kutoka juu ya jaa la chuma hadi katikati ya wafu, tunaona matumbo yanavutwa, tunaona uso wake unapiga kelele. Mwisho. Jaji alizima TV kwa mkono, akasahau kabisa kwamba ana rimoti. Asubuhi alijifunga leso kichwani, akaketi nje kwenye mkeka, hakuwasha jiko. Muthokoi uliokuwa umelowekwa ukabaki umelowekwa.

Majirani wakaona leso. Kwa Vonza mtu haketi hivyo bure. Wakaanza kuja mmoja mmoja, na Susu, ambaye hasemi uongo, alikuwa mlangoni.

"Ni nani?"

"Ni Glenn."

"Pole sana. Wa wapi?"

"Alikuwa Atlanta."

Hakuna aliyeuliza zaidi, kwa sababu kila familia huku ina mtu wake Marekani. Walileta sukari. Walileta majani chai, na mmoja alileta jogoo. Kina mama waliimba, mzee mmoja wa kanisa akaomba dua ndefu kwa ajili ya mjane Maggie, ambaye Jaji alikuwa amemtaja kwa machozi. Nilipofunga duka mchana nikakuta ua umejaa, na sikuwa na pa kuanzia kueleza. Na niseme kweli, Jaji hakuwa akiigiza. Alikuwa na huzuni yake kamili, na wale kina mama waliiona ni huzuni wakaiheshimu.

Sasa sikiliza walichofanya wale waandishi. Walilifuta hata jina la Steven Yeun, mwigizaji wake, kwenye orodha ya mwanzo wa kipindi, ili tuzidi kuamini. Halafu wiki nne baadaye, Novemba 22, Glenn anatoka chini ya lile jaa, mzima. Alikuwa amejikunyata chini yake. Matumbo yalikuwa ya mtu mwingine.

Profesa alirukaruka kwa furaha. Jaji hakusema kitu kwa muda, kisha akasema, "Na sukari ya watu?"

Sukari tulikuwa tumekunywa. Jogoo tulikuwa tumemla. Jaji aliona haya kupita sokoni. Ilimbidi aende nyumba kwa nyumba kusema kwamba Glenn ameonekana, yu hai, alikuwa amejificha, na wanawake wakapiga vigelegele na kumshukuru Mungu, na kila kigelegele kilimwongezea aibu. Hapo ndipo lilipo kosa ambalo sijawasamehe. Kumwua mhusika ni haki ya msimulizi. Kumficha ni haki yake pia. Kumchukua mtu anayekuamini, ukamliza kwa kifo ambacho wewe unajua hakipo, ili tu wiki zisogee huku watu wakibishana, huko ni kumtumia msikilizaji. Susu alilieleza kwa njia yake: msimulizi wa usiku akikudanganya kwamba fulani ameliwa, kesho yake hupeleki kuni kwake.

Lakini kuni tulipeleka. Aprili 3, 2016 msimu ukafikia mwisho, na Negan akatokea na koti lake la ngozi na gongo alilolizungushia seng'enge ya miiba, analiita Lucille. Rick na wenzake wote wamepigishwa magoti mchangani usiku. Negan anachagua. Anainua gongo. Kamera inakuwa macho ya yule anayepigwa, damu inateremka kwenye kioo, giza. Nani? Utajua Oktoba.

Mwaka huo Kwa Vonza ilikuwa ikingoja vitu viwili vifike Oktoba: mvua na jina la marehemu.

Nyumba iligawanyika. Profesa alikuwa na hoja za kitaalamu kwamba ni Abraham, mmoja wa kundi la Rick. Mwende alimtetemekea Michonne. Jaji alikataza jina la Glenn lisitajwe mezani. Kyalo hakushiriki mjadala, na mimi nikadhani hajali. Jioni moja Jaji aliweka maji ya ugali jikoni, yakachemka, akatia unga, akanyoosha mkono kuchukua mwiko. Hakuupata. Huo si mwiko wa kawaida. Ni mwiko mkubwa wa urefu wa mkono aliopewa na mama yake siku ya harusi, umesonga ugali wa mahari, wa ubatizo na wa matanga.

Wakati huo huo mzee wa Nyumba Kumi alikuwa anaingia langoni na wanaume watatu wenye rungu na tochi. Bibi wa jirani alikuwa amekimbia kwake kusema watoto wanauawa nyumba ya mwenye duka la mabati.

Tukatokea wote uani kwa pamoja, sisi kutoka ndani, wao kutoka nje. Chini ya tangi la maji watoto wa majirani walikuwa wamepiga magoti mchangani kwa mstari wa nusu duara, mikono kichwani, wawili wanalia kwa kamasi. Mbele yao Kyalo, amevaa koti langu la ngozi la kwendea Nairobi, linamfika magotini, anatembea huku na huku akipiga mbinja. Begani ana mwiko wa Jaji. Ameuzungushia seng'enge ya miiba kuanzia kichwani hadi katikati, mizunguko imebana vizuri, na kila mwisho wa waya ameupigilia msumari wa inchi moja. Ilikuwa kazi nadhifu. Mafundi wengine wa ua ninaowauzia waya hawafungi hivyo.

Mzee akauliza, "Kijana, unafanya nini?"

Kyalo alikuwa na machozi kuliko hata wale waliopiga magoti. "Sijui nimpige nani," akasema. "Hata wao hawajaandika."

Alikuwa amewapigisha magoti tangu jua lilipoanza kushuka, na alishindwa kuendelea, kwa sababu mchezo ulikuwa umefika mahali ambapo hadithi yenyewe haipo. Hakutaka kubuni. Alitaka iwe vile ilivyo.

Mzee wa Nyumba Kumi ni mtu wa taratibu. Aliwatuma watoto kwao, akaketi, akataka kuelezwa kisa chote tangu mwanzo, na Profesa akamweleza tangu farasi. Tulipofika kwenye gongo lililoinuliwa, mzee akauliza, "Kwa hivyo aliyepigwa ni nani?"

"Hatujui, mzee. Mpaka Oktoba."

Alitutazama mmoja mmoja. "Na aliyewasimulia alikuwa mgonjwa?"

"Hapana."

"Ndio akanyamaza hapo?"

Alikula ugali nasi usiku ule. Jaji aliusonga kwa mpini mpya wa jembe kutoka dukani, umeoshwa kwa maji moto. Mwiko wenyewe, tulipoondoa seng'enge, ulikuwa umetobolewa matundu ya misumari ubavuni, na hadi leo uji wa unga hujazana humo. Jaji hajaubadilisha. Husema ni ushahidi.

Mvua za mwisho wa mwaka huo zilituchenga, hadi Rais Uhuru Kenyatta akatangaza ukame kuwa janga la kitaifa Februari 2017. Jina la marehemu lilifika kwa wakati: Oktoba 23. Lilikuwa la Abraham. Profesa akanyanyua mikono. Halafu Negan akageuka, akampiga na Glenn.

Hakuna jirani aliyekuja safari hii. Jaji angewaambia nini? Kwamba amekufa tena? Alikwenda kulala bila kula, na mimi nilikaa kwenye ukingo wa kitanda bila la kusema, nikamshika mguu. Katika kitabu cha picha cha Robert Kirkman, ambacho tamthilia inakifuata, Glenn hufa vivyo hivyo, toleo la 100, mwaka 2012. Kwa hiyo kifo chake kilikuwa cha haki, kimeandikwa zamani. Walichoharibu ni kilio chetu. Walikitumia mara ya kwanza kwa uongo, na kilipohitajika kweli tulikuwa tumekwisha kukikausha. Mwaka 2021 tulipoona Steven Yeun ameteuliwa kuwania Oscar kwa filamu ya *Minari*, Jaji alipiga makofi jikoni akasema afadhali alitoka mapema kwenye ile nyumba.

Baada ya hapo mambo yaliteremka. Usiku ule wa Glenn Wamarekani takriban milioni 17 walikuwa wakitazama, karibu sawa na kilele cha milioni 17.3 cha Oktoba 2014, kisha wakaanza kuondoka na hawakurudi. Profesa alitufanyia hesabu, na hesabu yenyewe inaeleza mengi. Msimu wa kwanza ulikuwa na sehemu 6. Wa pili 13. Kuanzia wa tatu hadi wa tisa, 16 kila msimu. Wa kumi 22, wa mwisho 24. Hadithi ile ile, wafu wale wale, lakini kituo kina nafasi za matangazo za kujaza. Jaji alisema wameona wageni wanazidi nao wakazidi kutia maji kwenye mchuzi. Msimu wa saba unaweza kumkosa mtu unayempenda majuma mengi kwa sababu sehemu nzima imepewa kikundi kingine kilichoketi kinawaza. Msimu wa nane ni vita vya risasi zisizokwisha, watu wanafyatuliana hatua kumi na hakuna anayempata mwenzake. Susu alilala kwenye kiti chake cha mbele, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Na pesa zilikuwako. Darabont walimfukuza mwaka 2011, msimu wa pili ukiwa bado jikoni, akawashtaki kuhusu mgao wa faida, na mwaka 2021 AMC ikakubali kumaliza kesi kwa dola milioni 200. Jaji alipoelezwa alinyamaza, akauliza hiyo ni misimu mingapi ya waandishi wazuri.

Kisha wakamwua Carl, mwana wa Rick. Hili la Carl naliandika kwa uchungu, kwa sababu Kyalo alikua naye. Carl aliingia kwenye hadithi akiwa mtoto, mwanangu akiwa mtoto. Sauti zikabadilika pamoja, Carl akavaa kofia ya baba yake, Kyalo akavaa yangu. Kila alichofanya Rick, kila mtu aliyemwua, kila uzio aliojenga, ilikuwa ili huyu mtoto afikie utu uzima. Katika kitabu anafikia. Toleo la mwisho, la 193, Julai 2019, linamwonyesha Carl mtu mzima anamsomea binti yake hadithi. Kirkman alilitoa bila kutangaza kwamba ndilo la mwisho, akiwa ameandaa hata majalada ya uongo ya matoleo yafuatayo, kwa sababu aliona hadithi imefika. Kwenye TV, Carl aling'atwa, akafa Februari 2018. Kyalo alisimama, akakunja kofia mfukoni, akatoka kwenda kucheza mpira. Hakutazama tena hata sehemu moja. Nilimsikia nje akipiga mpira ukutani hadi giza.

Nitakuwa mtu wa haki. Msimu wa tisa aliushika Angela Kang, na mama huyo alirudisha uandishi. Aliruka miaka, akaleta Wanong'onezaji, watu wanaovaa ngozi za nyuso za wafu na kutembea kati yao, na ule mstari wa vichwa juu ya miti ulinirudisha kwenye ghala la Sophia. Lakini Rick alikuwa ameondoka na helikopta Novemba 2018, na watazamaji tuliobaki sebuleni tulikuwa mimi na Susu, yeye akiamka kwa vipindi. Nilitamani kumwita Jaji aone. Aliitika kutoka jikoni kwamba Glenn hayupo, Carl hayupo, Rick hayupo, na sasa hata wafu wanazungumza.

Novemba 20, 2022 ikafungwa, sehemu ya 177. Kule Marekani waliotazama usiku ule walikuwa zaidi kidogo ya milioni 2. Susu alisubiri hadi majina yakaanza kupanda, akaniuliza kidole kimekatwa saa ngapi. Nikamwambia hakuna kidole, Susu. Wafu wangali wanatembea. Akauliza waliomezwa wametoka wapi sasa. Nikamwambia hawakutoka. Akachukua fimbo yake. Kesho yake usiku stima zilipotea, na nikamsikia anawasimulia wajukuu wa jirani habari za eimu moja lililovamia Atlanta, ambamo kijana mwenye kofia anatoka kidoleni wa kwanza, akifuatwa na farasi.

Desemba hii Profesa, ambaye siku hizi ni mwalimu wa sekondari Mwingi na bado anatuletea nguo chafu, alifika na diski. Alianza na *The Ones Who Live* ya 2024, Rick na Michonne, sehemu 6 tu, na ya nne ameiandika Danai Gurira mwenyewe. Jaji alikubali kwa ajili ya ndugu. Sehemu hiyo ya nne ni watu wawili wanazungumza chumbani, mume na mke, kuhusu mtoto aliyekufa, na Jaji aliitazama amesimama, kitambaa cha vyombo mkononi. Alimwita Kyalo. Kyalo, sasa kidevu kina ndevu, alikuja akasimama mlangoni hadi mwisho.

"Hiyo imelipa," Jaji akasema.

Profesa akaona mwanya. "Kuna ya Daryl pia, mwenzake Rick. Yuko Ufaransa."

"Ufaransa ipi?"

"Hiyo hiyo moja. Alitokea Marseille."

"Alipata wapi pasipoti?"

"Alielea."

"Kutoka Marekani?"

"Juu ya mashua iliyopinduka."

Jaji alimtazama mdogo wake kwa muda mrefu. Akasema hawezi kuupoteza uzee wake kwa watu wasiojua bahari ina upana gani, akachukua sufuria, akaingia jikoni. Profesa alichomeka diski. Mwende akasogeza kiti. Nikasikia unga unamiminwa, kisha sauti:

"Mkianza kabla sijausonga huu ugali, mtakula hiyo diski!"